Astrosaiti na Mawasiliano ya Kikemikali Ubongoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapokea, mengine mara nyingi sana, kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ninaowafundisha bayolojia hapa Moshi, kwa wanafunzi wa uuguzi, kwa waongozaji wa wapanda mlima, na kwa jamaa za watu wanaoishi na kifafa. Nimeyaweka pamoja kwa sababu karibu yote yanarudi kwenye jambo moja ambalo masomo ya shule hulipitia haraka: ujumbe wa kikemikali ubongoni hausomeki vizuri usipofutwa mara tu baada ya kusomwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kufuta hufanywa na seli ambazo wengi wetu hatukufundishwa jina lake. Majibu yamepewa namba ili msomaji aweze kuruka kutoka moja hadi jingine bila kulazimika kusoma kila kitu kwa mpangilio.

## Mambo ya msingi

1. Astrosaiti ni nini hasa?

Astrosaiti ni seli za ubongo na uti wa mgongo zilizo katika kundi la glia, yaani seli za mfumo wa neva ambazo si niuroni, zile seli zinazopitisha ujumbe kwa misukumo ya umeme. Jina hilo lina maana ya seli yenye umbo la nyota, nalo lilitolewa na Michael von Lenhossék katika miaka ya 1890, wakati wataalamu walipokuwa wakitegemea rangi za maabara zilizoonyesha matawi machache manene yanayotoka katikati ya seli. Umbo halisi ni tata zaidi. Kutoka kwenye matawi hayo manene huchipuka vijitawi vyembamba mno, kwa maelfu, vinavyojipenyeza katikati ya niuroni hadi seli nzima ikafanana na sifongo kuliko nyota (tazama swali la 17).

Kila astrosaiti ina eneo lake, na majirani hugusana mipakani bila kuingiliana sana, kama vihamba viwili, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinavyotenganishwa na mstari wa mimea ya masale. Ndani ya eneo hilo seli hufanya mambo mawili kwa pamoja: baadhi ya matawi yake huishia kwenye mishipa ya damu na kuikumbatia kwa miguu iliyotandazwa, na vijitawi vingine huzunguka mahali ambapo niuroni hupeana ujumbe. Kwa hiyo ni seli inayogusa chakula kinachoingia ubongoni na mazungumzo yanayofanyika humo kwa wakati mmoja.

2. Kwa nini tulifundishwa kwamba glia ni gundi tu?

Kwa sababu jina lenyewe linasema hivyo. Katika miaka ya 1850 Rudolf Virchow alieleza kwamba kati ya seli za neva kuna kitu kinachozishikanisha, akakiita kwa neno lenye maana ya gundi ya neva, na neno hilo likabaki hata baada ya Santiago Ramón y Cajal kuonyesha, kwa rangi ya dhahabu aliyoibuni mwaka 1913, jinsi seli hizi zilivyo na maumbo yao na uhusiano wa karibu na mishipa ya damu.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi. Kwa miongo mingi watafiti wa ubongo walitumia vifaa vinavyonasa umeme, na astrosaiti hazirushi misukumo ya umeme kama niuroni. Ukitega sikio lako kwa umeme tu, seli hizi huonekana kimya. Ni pale rangi zinazong'aa kwa kalsiamu zilipopatikana ndipo shughuli zake zilipoanza kuonekana (tazama swali la 8).

3. Je, ni kweli kwamba glia ni mara kumi ya niuroni?

Si kweli, ingawa dai hilo limechapishwa mara nyingi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2009 ilipata wastani wa niuroni bilioni 86 katika ubongo wa mtu mzima, na seli nyingine zisizo niuroni kwa idadi inayokaribiana na hiyo. Astrosaiti ni sehemu tu ya hizo nyingine.

4. Mawasiliano ya kikemikali kati ya seli za ubongo hufanyikaje?

Niuroni mbili zinapokutana hazishikani kabisa. Katikati yake hubaki mwanya wa takriban nanomita 20, na mahali hapo pote, pamoja na pande zake mbili, huitwa sinapsi. Msukumo wa umeme unapofika mwisho wa niuroni ya kwanza, vifuko vidogo hupasukia kwenye mwanya na kumwaga kemikali. Kemikali huvuka, hunasa kwenye vipokezi vya niuroni ya pili, na niuroni hiyo husukumwa kuelekea kurusha msukumo wake au huzuiwa isiurushe. Katika ubongo wa binadamu kemikali kuu ya kusisimua ni glutameti, na kemikali kuu ya kutuliza ni GABA.

Wanafunzi wangu wengi wamekulia kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwa hiyo huwaomba waukumbuke mfongo, yaani mfereji wa kugawa maji kwa zamu. Maji hufunguliwa yaingie kihamba cha huyu, kisha hufungwa yaende kwa mwingine. Kila mtu hukumbuka kufungua, lakini zamu huwapo kwa sababu kuna anayefunga. Mfereji ulioachwa wazi hauwapi watu maji zaidi. Hufurika kwa mmoja na kuwanyima wengine wote. Sinapsi nayo ina mfunguaji na mfungaji, na mfungaji mkuu wa sinapsi za glutameti ni astrosaiti. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa kwenye mfereji zamu huhesabiwa kwa saa na kwenye sinapsi huhesabiwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde.

## Kufuta ujumbe

5. Glutameti huenda wapi baada ya kufikisha ujumbe?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mwanafunzi aliulize, kwa sababu jibu lake hubeba sehemu kubwa ya yanayofuata. Kuna kemikali za mawasiliano ambazo huvunjwavunjwa palepale kwenye mwanya. Mfano unaojulikana zaidi ni asetilikolini, ambayo ina kimeng'enya chake cha kuivunja. Glutameti haina kimeng'enya cha namna hiyo nje ya seli. Njia pekee ya kuiondoa ni kusambaa kutoka kwenye mwanya na kuchukuliwa kuingizwa ndani ya seli, na seli inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote ni astrosaiti.

Kwenye utando wa astrosaiti kuna protini zinazoitwa visafirishi vya glutameti. Viwili vilivyo muhimu hujulikana kwa vifupisho EAAT1 na EAAT2, na hicho cha pili hubeba sehemu kubwa mno ya kazi katika gamba la ubongo. Kuivuta glutameti kutoka mahali ilipo chache kwenda mahali ilipo nyingi ni sawa na kupandisha mzigo mlimani, kwa hiyo kisafirishi hulipia: kwa kila molekuli moja ya glutameti huingiza ioni tatu za sodiamu na moja ya hidrojeni, na hutoa nje ioni moja ya potasiamu. Nguvu inayodumisha mteremko wa sodiamu, yaani tofauti ya wingi wake nje na ndani ya seli, hutokana na pampu zinazotumia nishati ya seli, na ndiyo maana ubongo uliokosa oksijeni huanza kushindwa kazi hii haraka (tazama swali la 12).

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi huachwa. Kisafirishi kimoja ni cha polepole, kwa kuwa huchukua makumi ya sehemu za elfu za sekunde kumaliza mzunguko mmoja, ilhali glutameti hukaa kwa wingi kwenye mwanya kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Je, kitu cha polepole kinawezaje kusafisha kwa haraka? Jibu ni wingi. Katika eneo la ubongo linaloitwa hipokampasi, visafirishi hivi huhesabiwa kwa maelfu katika kila mikromita moja ya mraba ya utando wa astrosaiti. Glutameti inapotoka kwenye mwanya hunaswa kwanza, na kuingizwa ndani hufuata baadaye kwa utaratibu wake. Kunasa peke yake tayari ni kufuta.

Matokeo yake ni haya: sinapsi moja haiingilii mazungumzo ya jirani yake, ujumbe wa pili hausomwi juu ya mabaki ya ujumbe wa kwanza, na niuroni hazisisimuliwi mpaka kufa. Hilo la mwisho si kutia chumvi. Glutameti ikizidi kwa muda mrefu huacha milango ya kalsiamu wazi kwenye niuroni, na kalsiamu iliyofurika huamsha vimeng'enya vinavyoila seli kutoka ndani. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliofugwa bila kisafirishi kinacholingana na EAAT2: panya hao walipata degedege zenye kuua, na ubongo wao uliumia kirahisi zaidi ulipopata jeraha.

6. Glutameti iliyochukuliwa hutupwa?

Haitupwi. Ndani ya astrosaiti kuna kimeng'enya kinachounganisha glutameti na amonia kutengeneza glutamini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 imejulikana kwamba ubongoni kimeng'enya hicho kipo hasa katika seli hizi. Naomba msomaji aangalie herufi, kwa sababu glutameti na glutamini hutofautiana kidogo kwa maandishi lakini sana kwa kazi: glutamini haisisimui vipokezi vya sinapsi, kwa hiyo inaweza kupita nje ya seli bila kusema chochote. Astrosaiti huitoa, niuroni huichukua, huigeuza tena kuwa glutameti, na kuijaza kwenye vifuko. Niuroni za kutuliza nazo huitegemea njia hiyohiyo, kwa kuwa GABA hutengenezwa kutokana na glutameti. Mzunguko huu ukikatika, seli za kusisimua na za kutuliza zote hupungukiwa malighafi.

7. Potasiamu inahusikaje? Nilidhani ni ya moyo na misuli.

Kila niuroni inaporusha msukumo, potasiamu hutoka nje yake. Nafasi iliyopo kati ya seli za ubongo ni finyu, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kubadilisha hali ya mahali hapo. Kiwango cha kawaida nje ya seli ni karibu milimoli 3 kwa lita. Katika degedege kinaweza kufika 10 au zaidi kidogo. Kikipanda, niuroni zote za jirani husogea karibu na kurusha misukumo, na vituo vyake vya kutolea kemikali hubadilika tabia. Kwa hiyo mwenye kutunza potasiamu anatunza mawasiliano ya kikemikali pia.

Astrosaiti huichukua kwa pampu na kwa njia maalumu zinazoitwa Kir4.1, kisha huweza kuigawa kwa astrosaiti nyingine kupitia vitundu vinavyounganisha moja na nyingine, mpaka mzigo uliokuwa mahali pamoja uwe umesambazwa. Wazo la usambazaji huo lilitolewa mwaka 1966 na Orkand, Nicholls na Kuffler.

## Je, astrosaiti nazo huongea?

8. Kama hazirushi umeme, tunajuaje kwamba zinasikia?

Kwa kalsiamu. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba astrosaiti zilizokuzwa maabara zikimwagiwa glutameti, kalsiamu hupanda ndani yake na mara nyingine hupita kutoka seli moja hadi nyingine kama wimbi. Baadaye mawimbi na michomozo ya kalsiamu ilionekana katika ubongo wa wanyama walio hai na walioamka, mingine mikubwa ya seli nzima, na mingine midogo sana kwenye vijitawi vilivyo karibu na sinapsi. Ni ishara ya polepole, ya sekunde badala ya sehemu za elfu za sekunde, na kwa maoni yangu mwendo huo wa polepole ndio unaoifaa kazi ya kurekebisha hali ya jumla ya eneo badala ya kupitisha neno mojamoja.

9. Sinapsi ya pande tatu ni nini?

Ni namna ya kuitazama sinapsi iliyopendekezwa mwaka 1999 na Araque, Parpura, Sanzgiri na Haydon. Badala ya kuhesabu niuroni inayotoa na niuroni inayopokea peke yake, tunahesabu pia kijitawi cha astrosaiti kinachozizunguka, kwa kuwa kinasikia na kinaweza kubadilisha yanayoendelea. Ieleweke kwamba si kila sinapsi imezungukwa kwa kiwango sawa. Nyingine zimefunikwa vizuri, nyingine zimeguswa kidogo tu.

10. Je, astrosaiti hutoa kemikali zake za mawasiliano?

Hapa lazima niende polepole, kwa sababu wanafunzi hupenda jibu la ndiyo au hapana, na somo lenyewe limekuwa na mabishano ya kweli kwa zaidi ya miaka 20.

Upande mmoja unaonyesha kwamba astrosaiti zinaweza kutoa glutameti, ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) na D-serini (aina ya asidi amino), na kwamba kemikali hizo hubadilisha nguvu ya sinapsi. Upande wa pili umeuliza maswali mazito. Panya walioondolewa kipokezi kikuu kinachopandisha kalsiamu katika astrosaiti walionekana kuwa na sinapsi zinazofanya kazi kama kawaida katika majaribio kadhaa, na majaribio mengine yalikosolewa kwa sababu jeni iliyokusudiwa kuzuia utoaji katika astrosaiti ilipatikana pia katika niuroni. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliopendekeza njia ya kutoka: kwamba ni kundi dogo tu la astrosaiti, katika baadhi ya maeneo ya ubongo, lenye vifaa vya kutoa glutameti kwa haraka. Likithibitika kwa upana, litaeleza kwa nini maabara mbili zilizotazama sehemu tofauti zilipata majibu tofauti.

Kwa sasa mwanafunzi anayejibu mtihani asichanganye mambo mawili. Kazi ya kufuta, iliyoelezwa katika maswali ya 5 hadi 7, haibishaniwi. Kazi ya kuongea ina ushahidi, lakini ukubwa wake na mahali inapofanyika bado vinapimwa.

11. Kahawa ya hapa kwetu ina uhusiano gani na haya?

Uhusiano ni wa karibu kuliko watu wanavyodhani, na swali hili hunifurahisha kwa kuwa wengi wetu tumekulia chini ya migomba yenye mibuni kati yake. ATP inayotolewa nje ya seli, na astrosaiti ni mojawapo ya vyanzo vyake, huvunjwa na vimeng'enya mpaka ikawa adenosini. Adenosini hunasa kwenye vipokezi vilivyo mwishoni mwa niuroni na kupunguza kiasi cha glutameti kinachomwagwa. Kwa maneno mengine, ni breki. Huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, na ni sehemu ya sababu ya usingizi kumwelemea. Kafeini huketi kwenye vipokezi hivyohivyo bila kuvisisimua, hivyo breki haishiki. Uchovu haujaondoka, taarifa yake tu ndiyo imezuiwa kwa muda.

Jambo jipya zaidi linahusu noradrenalini, kemikali inayomwagwa ubongoni mtu anaposhtuka au kuwa makini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2025 zilionyesha kwa wanyama kwamba sehemu ya kazi yake hupitia kwa astrosaiti: noradrenalini huamsha astrosaiti, astrosaiti hutoa ATP, ATP huwa adenosini, na adenosini hupunguza nguvu ya sinapsi. Tulizoea kuchora mshale kutoka noradrenalini moja kwa moja hadi niuroni. Katika sinapsi hizo mshale ule unapaswa kupitia kituo cha kati.

## Ugonjwa na maswali ya nyumbani

12. Nini hutokea mtu anapopata kiharusi?

Damu ikikatika, nishati ya pampu huisha, mteremko wa sodiamu hupotea, na visafirishi vya glutameti, hasa vilivyo kwenye niuroni, huanza kufanya kazi kinyume na kumwaga kile vilichopaswa kukusanya. Astrosaiti hustahimili kwa muda mrefu kidogo kwa sababu zina akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, lakini akiba hiyo ni ndogo. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hupelekwa hospitali mara moja, bila kungoja aamke kesho akiwa nafuu.

13. Ndugu yangu ana kifafa. Je, astrosaiti ndizo zilizoharibika?

Kifafa kina vyanzo vingi, na hakuna anayeweza kusema kuhusu mtu mmoja bila kuchunguzwa. Kinachojulikana ni kwamba katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa wa kifafa cha pande za kichwa, karibu na masikio, astrosaiti zimeonekana kuwa na upungufu wa njia za potasiamu, upungufu wa kimeng'enya cha kutengeneza glutamini, na ongezeko la kimeng'enya kinachoondoa adenosini. Msomaji aliyefuata maswali ya 6, 7 na 11 ataona kwamba hizo ni breki tatu zilizolegea kwa pamoja.

Katika mikoa yetu ya kaskazini kuna chanzo kimoja kinachostahili kutajwa kwa jina: malengelenge ya tegu wa nguruwe ubongoni. Hapa watu hukosea mara nyingi. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge bila kuiva hupata tegu tumboni. Malengelenge ya ubongoni hupatikana kwa kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kuyapata kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Lengelenge likifa, mwili hulizungushia kovu, na kovu hilo hujengwa kwa sehemu kubwa na astrosaiti zilizobadilika. Kovu hulinda tishu ya jirani, lakini niuroni zilizo kandokando yake zinaweza kuwa chanzo cha degedege.

Dawa zilizo nyingi vituoni, kama fenobabito na kabamazepini, hufanya kazi hasa kwenye niuroni: ya kwanza huimarisha utulizaji wa GABA, ya pili hupunguza urushaji wa misukumo. Hazitibu astrosaiti, lakini hudhibiti degedege kwa watu wengi, na kuziacha ghafla ni hatari. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa.

14. Kwa nini mgonjwa wa ini huchanganyikiwa akili?

Ini lililochoka, liwe limeharibiwa na homa ya ini aina ya B, na mbege (pombe ya ndizi) na pombe kali za miaka mingi, au na jambo jingine, hushindwa kuiondoa amonia kwenye damu. Amonia huingia ubongoni, na mahali penye uwezo wa kuikamata ni ndani ya astrosaiti, kupitia kimeng'enya kilekile cha swali la 6. Seli hutengeneza glutamini kupita kiasi, glutamini huvuta maji, na seli huvimba. Seli iliyovimba haifuti glutameti vizuri wala haitunzi potasiamu vizuri, na mawasiliano ya ubongo mzima huwa mazito. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau, mikono yake iliyonyooshwa hupigapiga kama mbawa, na mwisho anaweza kupoteza fahamu.

Familia nyingi hudhani mzee amerogwa au amekuwa mkaidi. Laktulosi, ile sharubati tamu inayomfanya aharishe kidogo, hutolewa ili amonia ibaki utumboni na kutoka, na hupunguza mzigo wa astrosaiti bila kuzigusa.

15. Waongozaji wa mlima huuliza: je, ubongo kuvimba huko juu kunatokana na astrosaiti?

Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, shinikizo la oksijeni ni karibu nusu ya lile la pwani, na baadhi ya wanaopanda haraka hupata uvimbe wa ubongo. Kwa tunavyoelewa, chanzo kikuu ni maji kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu. Astrosaiti huingia kwa sababu miguu yake ndiyo iliyoikumbatia mishipa hiyo, na miguu hiyo imejaa milango ya maji inayoitwa akwaporini-4, hivyo hushiriki katika jinsi maji yanavyoingia na kutoka.

Kwa mwongozaji, elimu hii haibadilishi sheria. Mgeni, au mpagazi, anayeyumba kama mlevi, asiyeweza kutembea kwa kuunganisha kisigino na kidole, au anayejibu mambo yasiyohusiana, hushushwa mara hiyo, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Nasema pia mpagazi kwa makusudi, maana wagumu wetu nao huumwa, na mara nyingi hujikaza wasiseme.

16. Nimesikia kwamba ceftriaxone huongeza visafirishi vya glutameti. Je, nichome sindano kulinda ubongo?

Usichome. Msingi wa habari hiyo ni wa kweli: mwaka 2005 ilichapishwa kwamba antibiotiki za jamii hiyo huongeza EAAT2 katika panya. Matumaini yalikuwa makubwa, na dawa ikajaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa kuharibika kwa niuroni za misuli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba haikuwasaidia. Kutumia antibiotiki bila maambukizi huzalisha bakteria sugu, na hasara hiyo huwapata watoto wa jirani.

Swali linaloandamana na hili ni la viungo vya supu vyenye glutameti. Sehemu kubwa ya glutameti ya chakula hutumiwa na seli za utumbo wenyewe, na kinachobaki kwenye damu huzuiwa na kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Nyanya na maziwa ya mama pia yana glutameti. Anayetaka kupunguza viungo hivyo kwa sababu ya chumvi ana hoja nzuri. Hoja ya sinapsi haipo.

17. Je, mwanafunzi anaweza kuziona astrosaiti kwa hadubini ya shule?

Kwa rangi za kawaida za maabara ataona kiini cha seli tu, na matawi hayataonekana. Picha za nyota zinazong'aa zilizomo vitabuni hutengenezwa kwa kingamwili zinazonasa protini iitwayo GFAP, ambayo ni kama fito za ndani ya seli. Vipimo vilivyofanywa kwenye hipokampasi ya panya vilionyesha kwamba fito hizo huchukua takriban asilimia 15 tu ya ujazo wa astrosaiti. Asilimia 85 iliyobaki, ambamo vimo vijitawi vinavyozunguka sinapsi, haionekani kabisa katika picha hizo.

Idadi ya sinapsi ambazo astrosaiti moja huzizunguka nayo hutofautiana kati ya wanyama. Astrosaiti moja ya panya inakadiriwa kufunika sinapsi 20,000 hadi 120,000; ya gamba la ubongo wa binadamu inaweza kufikia milioni 2. Kwa hiyo shule isiyo na kingamwili ifanye hivi: mwanafunzi achore nyota kwa kalamu ya wino, achore mshipa wa damu upande mmoja na sinapsi chache pande nyingine, kisha kwa penseli iliyochongwa vizuri ajaze vijitawi katika nafasi zote zilizobaki, mpaka nyota yenyewe iwe vigumu kuiona.